Eda ya Wawili

Sharti langu nililitoa mbele ya watu, siku ya tatu ya matanga, na mwanamke niliyemwekea amekaa palepale kwenye mkeka akinisikia. Nilimwambia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu: "Akae. Lakini siku eda inaisha, na yeye anatoka hapa." Shemeji akaitika. Wanawake waliojaa uani wakaangaliana, nami nikajiona nimesema neno la mtu mzima. Mpaka leo sioni kama nilikosea. Nyumba ile ya Buyenzi, hapa Bujumbura, niliachiwa na baba yangu, si na mume, na huyo aliyeletwa kwangu alikuwa mke mwenza ambaye habari zake nilizipata baada ya ndoa yao kupita zamani, tena kwa mdomo wa muuza samaki.

Kwa asiyejua mambo yetu: Mwislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa haja, hajipambi, hajitii manukato, na haposwi. Hukaa kwenye nyumba alimoishi na marehemu. Mwenzangu aliishi Gatumba, kule karibu na mpaka wa Congo, na nyumba yake ilikuwa imekwisha kuliwa na mafuriko. Mume wetu akampangia chumba, nacho mvua zikakifuata. Wiki ileile ya msiba chumba kilikuwa na maji ya kufika magotini. Sheikh akasema mjane hawezi kulazimishwa kukaa ndani ya maji, ahamie penye usalama. Usalama wa karibu ukawa kwangu.

Ndiyo, nimeandika "mume wetu". Neno hilo lilinisumbua miaka mingi kuliko ugonjwa wowote.

Mimi ni mwanamke wa soko. Nauza vitenge, navifuata Uvira, navuka mpaka na mafurushi yangu, na sauti yangu inajulikana avenyu nzima. Mtaani kwetu mafundi wa magari wanagonga mabati tangu asubuhi, na bado nikiita mtu kutoka jikoni wanageuka. Redio nyumbani kwangu ilikuwa inawaka kabla ya mkaa. Watoto wangu wameolewa na kuoa, wote wako mbali, na nadhani redio ile ndiyo iliyokuwa inajaza nafasi zao. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa atulie ndani miezi minne na ushei, na mwenzi wa kukaa naye awe yule mwanamke wa Gatumba. Nilimwambia Mungu wazi kwamba hapo amezidisha.

Aliyetukalisha eda alikuwa bibi mmoja wa mtaa wetu ambaye kazi hiyo ameifanya kwa wajane wengi. Alikuja na nguo nyeupe, mbili kwa kila mmoja, moja ya kuvaa na moja ya kufua. Akafunika kioo cha sebuleni kwa kitambaa. Akachukua chupa zangu za manukato na wanja, akazitia kwenye mfuko, akazifungia kabatini. Halafu akatukalisha mbele yake. Mimi nilikaa huku, mwenzangu kule, katikati ungeweza kupitisha baiskeli.

"Hapa sauti aipandi," alisema. "Mukiona amuwezi kusema vizuri, munyamaze. Kunyamaza akuna zambi."

Nikalishika neno hilo kama mtu aliyeokota panga. Nikaamua sitamsemesha kabisa. Haukuwa uchamungu. Nilitaka anyong'onyee. Katika maisha yangu yote sijawahi kumuona mtu anayevumilia kutosemeshwa. Nilijua baada ya siku chache atalia, au atatukana, au atamwita shemeji aje amchukue. Mimi ningekuwa na mikono safi, maana sikusema kitu.

Siku za mwanzo wageni walikuja kwa wingi. Wanawake wa Buyenzi ni wakarimu kwenye msiba, hilo haliwezi kukataliwa, lakini safari hii walileta sukari na macho. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kila mmoja alitaka awepo siku zizi litakapovunjika. Walikuwa wanakaa, wanaulizia hali, wanatupa jicho kwangu, wanatupa kwake. Sisi kimya. Mmoja alijaribu kuchokonoa: "Eh, mutu unaona mambo duniani." Nikasema, "Ndiyo." Mwenzangu hakusema hata hilo. Chai ikaisha, habari zikaisha, wakaondoka mmoja mmoja. Ilipofika mwezi wa pili uani palibaki kuku na sisi wawili. Nadhani walichoka kungoja sinema isiyoanza.

Tatizo ni kwamba silaha yangu haikumkata. Huyu mwanamke alikuwa anajua kunyamaza. Aliamka, akasali, akafagia upande wake, akachota maji yalipotoka, akayafunika. Hakununa. Nikipita alinipisha. Jioni aliketi kwenye kizingiti cha chumba chake, mikono mapajani, akatazama juu ya paa la jirani kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda. Mimi ndiye niliyekuwa nanyong'onyea.

Redio nilikuwa nimeizima kwa heshima ya msiba. Simu nilibaki nayo, na mpwa wangu wa kike niliyemwachia meza ya vitenge alikuwa anapiga kwa kila kitu: kitenge hiki kinakatwa wapi, yule mteja anasema ulimwahidi, jirani amesogeza meza yake. Nikawa najibu kwa kunong'ona, maana sauti haipandi, na kugombana kwa kunong'ona ni kazi ya kuumiza shingo. Siku moja nilimwambia aje aichukue simu yenyewe. "Shangazi, na wateja?" aliuliza. Nikamwambia aamue mwenyewe, ana akili kama mimi. Alipoondoka nayo niliketi nikihisi nimetoa jino.

Hapo ndipo kelele zikaanza kweli. Nilifikiri bila redio, bila simu, bila wageni, nyumba itakuwa na ukimya. Kumbe nilikuwa na mtu ninayegombana naye tangu alfajiri hadi kulala, naye amezikwa. Nilimuuliza mume wangu kwa nini. Nikamjibia. Nikakataa jibu lake. Nikamkumbusha mwaka wa kwanza tulipokuwa tunakula maharage bila mafuta na sikulalamika. Nikamuuliza yule wa Gatumba alikuwa na nini. Nikiwa nachambua mchele, nikiwa natawadha, hata kwenye sijida, Mungu anisamehe, kesi inaendelea. Wiki nzima nilimsikiliza huyu wakili ndani ya kichwa changu, na mwishoni nilishangaa: haya yote nimekuwa nikiyasema miaka mingapi? Sokoni sikuyasikia kwa sababu ya soko. Nyumbani sikuyasikia kwa sababu ya redio. Nilikuwa nimechoka kwa mabishano ambayo sikujua kwamba nayafanya.

Sikuwa na la kufanya nayo ila kuyaacha yapite. Niliketi. Yakija, nikayatazama. Baadhi yalirudi mara nyingi mpaka nikayachoka mwenyewe, jinsi unavyomchoka mteja anayepapasa kitenge kila siku na hanunui. Kidogo kidogo yakaanza kuchelewa kuja.

Na vitu vingine vikapungua navyo. Mtu mwenye nguo mbili nyeupe hapotezi asubuhi yake mbele ya kabati. Mimi niliyekuwa nabadilisha kitenge mara mbili kwa siku ili wateja waone, nilianza kuamka nikijua nitavaa nini, na kichwa kikawa na nafasi. Tulikula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, siku ya kheri ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Tumbo langu, lililokuwa linanisumbua kila nikivuka mpaka, likatulia lenyewe. Sikumwambia mtu. Ningeambiwa nafurahia eda.

Ilikuwa mchana wa mvua kubwa, ile inayoshuka kutoka milimani ikiwa imekwisha kukasirika. Bati likaanza kupiga mpaka usingesikia adhana. Mimi nilikuwa jikoni. Niliporudi ndani nilimkuta mwenzangu sebuleni kwangu, amepandisha vitu vyangu juu ya meza. Gunia la mchele, unga, viatu vyangu, msahafu juu kabisa umefungwa kwenye nailoni. Alikuwa amebeba begi la nguo zangu akitafuta pa kuliweka. Damu ikanipanda. Nilikuwa tayari kuvunja kimya changu kwa neno moja ambalo lingesikika hadi mtaa wa Ngagara. Kisha nikaona macho yake. Hayakuwa kwangu wala kwenye begi, yalikuwa kwenye kizingiti cha mlango, anangoja maji.

Nililishika lile begi upande wa pili, tukaliweka juu ya kabati. Halafu tukapandisha mkaa. Halafu tukakaa kitandani kwangu, miguu juu, kama watoto, tunatazama mlango. Mvua ikapiga, ikapiga. Kizingiti kikabaki kikavu.

Nilimwambia, na lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu matanga: "Huku maji aiingiaki."

"Na kule walisema ivyo," akajibu.

Basi. Hatukuongeza. Lakini mvua ilipokatika hakuna aliyeinuka haraka. Niliona aibu kidogo, na huruma, na juu ya yote nilihisi kitu nilichokuwa sijakihisi muda mrefu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwamba nimekaa na mtu. Watoto walipoondoka sikujua kwamba ndicho kilichoondoka nao.

Tangu siku ile tulianza kuchambua mchele kwenye ungo mmoja. Tulikuwa tunakaa uani baada ya sala ya alfajiri, kabla mafundi hawajafungua, wakati milima ya nyuma ya mji inaanza kuonekana na joto bado halijatoka kitandani. Vidole vyangu vilichukua mawe ya upande huu, vyake ya upande ule. Kulikuwa na majuma ambayo mafuta ya magari yalikosekana mjini, na mtaa wetu, ambao riziki yake ni magari, ukanyamaza nao. Mafundi walikaa juu ya matairi wakicheza karata. Nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia Buyenzi: ufagio wa nyumba ya tatu, mtoto anayesoma kurani akikosea palepale kila siku, mchele ukigusa ungo. Nilikuwa natulia mpaka nasahau kwamba natulia. Siku moja nilimuombea mume wetu dua, na nilipofika mwisho nikagundua sikumlalamikia popote. Nililia kidogo, kilio kizuri. Mwenzangu aliendelea kuchambua, akaniacha nilie.

Tuliongea juu ya mume wetu mara moja tu. Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limekaa kwangu kama mwiba wa samaki.

"Kule kwako alikuwa anasema nini na nini?"

Akafikiri. "Alikuwa ananyamaza tu. Anakunywa chai, analala. Mi nilikuwa nasema maneno yake yote inaishiaka kwako."

Niliacha mchele. Miaka yote niliamini maneno yake anakwenda kuyamwaga Gatumba, ndiyo maana kwangu anarudi mtupu. Nilimwambia hivyo. Tukatazamana. Nadhani ni yeye aliyeanza kucheka, nami nikamfuata, tukajiziba midomo kwa nguo zetu nyeupe ili jirani asisikie wajane wanacheka ndani ya eda. Maskini yule mwanamume. Wake wawili, na hakuna aliyepewa maneno.

Tukarudi kwenye kimya chetu. Ningependa kusema tulikuwa marafiki, lakini sikujua kazi anayoipenda, wala alivyokuwa msichana. Nilijua anapumua vipi anapochoka. Nilijua kwamba chai ataniachia kikombe chenye mkono.

Lakini lile sharti lilikuwa bado limesimama pale nilipolisimamisha. Lilisemwa mbele ya watu, na neno la mbele ya watu, kwetu, halifi lenyewe. Kila nilipotaka kulitaja, niliona nitaharibu. Nitaanzaje? Tumekaa vizuri kwa sababu hatusemi, na mimi nije na hotuba? Nikajiambia kwamba anaelewa. Si tunachambua kwenye ungo mmoja? Huo ndio upumbavu wa watu waliozoea kimya: unaanza kufikiri kwamba kinasema kila kitu.

Huko nje nako watu walikuwa wanaelewa kivyao. Kwetu wanawake wawili wenye mume mmoja wakipigana, watu wanalala usingizi, maana wanajua wapi mambo yalipofika. Wasiposikia kitu ndipo wanaogopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walikuwa wanaambiana, na bibi wa eda alikuwa akija kututazama anaulizwa njiani kama bado hatujatiliana sumu. Shemeji yangu, mtu mwema, mwenye haraka ya kutenda wema, akaona amuokoe kila mtu. Alimtafutia mwenzangu mahali.

Asubuhi ya kutoka eda tulioga, bibi akatufunulia kioo. Nilijiona nimekonda, na uso wangu umekuwa wa mtu ninayemjua. Wanawake walijaa tena, wamerudi wote, wamepika pilau. Dua ikasomwa. Nilikuwa natafuta pembe ya kumvuta mwenzangu nimwambie, nilikuwa nimeamua leo nitasema hata kama nitasema vibaya, shemeji akaingia anafuta jasho, gari amelisimamisha nje mlangoni.

"Dada, mambo imekuwa muzuri," akaniambia, kwa sauti ya wote. "Nimepata vwatiri na mafuta yake. Shangazi yetu wa Rumonge anahitaji mutu wa kumupikia. Mwenzako ataenda kwake leo leo. Kama vile ulisema."

Kama vile nilisema. Nikageuka. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake na furushi tayari limefungwa, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amelifunga tangu alfajiri, nilipokuwa nasali. Hakuwa na uso wa kulaumu. Alikuwa na uso uleule wa siku zote, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku waliyonipigia simu kutoka hospitali kuhusu mume wetu. Niliona mkeka wa uani na mimi juu yake peke yangu na ungo. Niliona redio ikirudi.

Watu walikuwa wananingoja. Hii ndiyo sinema yao, imeanza mwishowe. Mimi, niliyeweza kumuuzia kitenge mtu aliyekuja kuomba maji, sikupata neno moja la kupendeza. Nilivuka ule uani. Nikalishika furushi lake, upande mmoja tu, upande wa pili akabaki ameshika yeye.

"Sikiya," nikamwambia. "Neno lile nililisema mi, na leo nalitoa mi, mbele ya walewale. Kama unataka Rumonge, enda, ntakusindikiza mpaka kwa gari. Lakini usiende ju nilikufukuza. Sikufukuzi. Mi nataka ubaki."

Shemeji akasema, "Lakini dada, watu wanasema amusemezaniki."

Mwenzangu alinitazama muda mrefu, muda ambao zamani ningeujaza kwa maneno. Safari hii niliungoja. Nilisikia pilau ikitokota, nilisikia mtu akimkanya mtoto. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya furushi. Kisha akaliachia, uzito wote ukaja kwangu.

"Ntabaki," akasema. "Lakini dada, tusianze kusema sana."

Nikamwambia sawa, nikaenda kuliweka furushi lake ndani.